Ng'ombe Wanakula Nini Kawangware

Ukitoka Shinyanga unafika Nairobi ukiamini kwamba ng'ombe umewaacha nyuma. Mimi niliamini hivyo mpaka Namanga. Kutoka pale kwenda Kajiado basi letu lilifuatana na mifugo, kundi baada ya kundi, mbavu za kuhesabika, vijana wawili watatu nyuma na fimbo mabegani, wote wameelekea kaskazini kwenye maghorofa. Kando ya lami kulikuwa na mizoga, mingine imekauka ikabaki ngozi na pembe, na abiria wenzangu walishaizoea hata hawakugeuza shingo. Ilikuwa mwishoni mwa 2022. Kenya ilikuwa imepita misimu minne ya mvua isiyo na mvua, na wa tano ulikuwa unaelekea huko huko. Mifugo iliyokufa nchini ilishapita milioni 2.

Nilimuuliza jirani yangu kitini, mama wa makamo mwenye shanga shingoni na simu mbili mkononi, ng'ombe hawa wanakwenda mjini kufanya nini.

"Kula," akasema. "Majani yako Nairobi. Matajiri wanamwagilia."

Alisema kweli. Kila ukame mkubwa unapopiga, na wenyeji watakutajia 2000, 2009 na 2017, Wamaasai huingiza ng'ombe jijini. Huwalisha kandokando ya barabara za Lang'ata na Karen, kwenye ukoka wa mizunguko ya magari, popote penye kijani. Askari wa kaunti huwafukuza, wenye magari hutoa simu kupiga picha, na wafugaji hujibu bila hasira kwamba mji ndio uliowakuta. Reli ilifika pale Mei 1899, ikawakuta watu na maji yao na malisho yao. Mikataba ya 1904 na 1911 ndiyo iliyomaliza kazi ya kuwasogeza kusini.

Sisi Usukumani ukame tunaujua, na dawa yake ya zamani ni ngitili: unatenga eneo la nyasi, unalifunga mvua zikinyesha, mifugo haitii mguu mpaka kiangazi kikali. Ngitili zilikaribia kupotea, zikafufuliwa na mradi wa HASHI kuanzia 1986, na leo ukipita Shinyanga unaweza kuona vichaka ambavyo baba zetu waliviona vikiisha. Wamaasai nao wana olopololi, malisho ya akiba ya ndama na ng'ombe wagonjwa yaliyo karibu na boma. Ila ngitili na olopololi zote zinategemea kwamba mvua itakosa msimu mmoja, miwili ikizidi. Ikikosa mitano, akiba inabaki jina.

Nilikuwa nimekwenda kumsalimia dada yangu wa ukoo aliyeolewa Kawangware. Shemeji yangu ni Mluhya wa Kakamega, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno mengi, na ndiye aliyenizungusha. Nilipomwambia niliyoyaona njiani, alicheka. "Shemeji, hao wa barabarani ni wageni. Ng'ombe wenyewe wa Nairobi huwaoni. Wako ndani ya mabati."

Alinipeleka kwanza Kibera, upande wa Makina, kwa mzee mmoja Mnubi ambaye aliwahi kumtengenezea geti. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akamgeukia shemeji: "Unaona? Huyu amelelewa." Babu wa mzee huyo alikuwa askari wa King's African Rifles, katika wale Wasudani ambao Waingereza waliwapa msitu huu wakae baada ya kuwatumikia. Mwaka 1918 eneo lilitangazwa rasmi, ekari 4,197. Mzee alizitaja ekari hizo kwa tarakimu zote, kama mtu anayetaja deni. Baba yake alikuwa na ng'ombe waliokwenda kula mpaka zilipo sasa estate za Lang'ata, wakarudi jioni wenyewe. Juni 2017 serikali iliwapa Wanubi hati ya ardhi ya jumuiya, ekari 288.

"Kwa hiyo wale ng'ombe wako wapi?" nikauliza.

Alisimama, akatupitisha uani. Nyuma ya jiko kulikuwa na banda la mabati lenye upana wa kitanda na nusu, na ndani yake ng'ombe wawili weusi wenye mabaka meupe, wamesimama kwenye zege, vichwa vyao vikiwa ndani ya pipa la bluu lililopasuliwa ubavuni. Walikuwa wakila kitu cha rangi ya krimu kilicholoweshwa maji, kimechanganywa na maganda ya mahindi mabichi. Nilichota kidogo nikanusa. Harufu ilikuwa ya jikoni, ya sufuria ya ugali iliyolala na maji. Ilikuwa pumba, ambayo Nairobi wanaiita wishwa.

"Tangu nizaliwe hawa hawajawahi kuona nyasi imesimama," mzee alisema, na sijui kama alijisema yeye au ng'ombe.

Mkewe alituletea gurusa, mikate myembamba laini inayokunjwa na kuchovywa mchuzi. Tulikula, ng'ombe wanatafuna hatua tatu kutoka tulipokaa. Nilidhani harufu ingenisumbua, lakini pale Makina harufu ya ng'ombe ni ndogo kuliko nyingine nyingi. Mzee alieleza kwamba zamani ungekamatwa. Sheria ndogo za jiji hazikutaka kusikia mfugo. Tangu 2015 kaunti ina sheria yake ya kilimo cha mjini, na unaweza kufuga ukiwa na kibali. Nilimuuliza kama anacho. Akanisogezea sahani ya gurusa.

Wishwa yake inatoka kwenye poshomili iliyo chini kidogo, karibu na reli. Tulikwenda. Kama hujawahi kuingia ndani ya poshomili ya Kibera, jiandae kwa kelele na unga hewani. Aliyekuwa akiiendesha, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa na nyusi nyeupe. Mashine ni mbili. Ya kwanza inakoboa: inavua ganda la mahindi na kuondoa kiini, punje zinatoka safi, ganda na kiini zinaangukia gunia la pembeni. Ya pili inasaga. Mama anakuja na gorogoro zake mbili, kilo nne hivi, analipa kukoboa na kusaga, anaondoka na unga mweupe uliopungua uzito. Kilichopungua ndicho wishwa, na wishwa ni ya mwenye mashine. Ndipo ng'ombe wa Makina wanapoingia katika hesabu.

Kijana alizima mashine ili tusikilizane. "Mwaka jana ningekuuzia magunia. Saa hii wishwa haiko."

Nilishangaa. Foleni ya kina mama ilikuwa ndefu, mahindi yalikuwa yanaingia. Iweje wishwa iishe?

"Hawakoboi," akasema.

Alinielekeza nitazame foleni. Mama wa kwanza alimwaga mahindi moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikoboa nusu, akasaga nusu nzima, akachanganya mwenyewe kwenye ndoo. Katikati ya mwaka ule pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200 dukani. Mwezi Julai, uchaguzi ukiwa karibu, serikali iliishusha hadi 100 kwa ruzuku. Uchaguzi ulipokwisha na rais mpya kuingia, ruzuku ikaondoka, na rais huyo akaweka nguvu kwenye mbolea. Mbolea ni jambo zuri, lakini hailiwi jioni ile ile. Kwa hiyo watu wa Kibera wakafanya walichoweza: wakaacha kuvua ganda. Gorogoro mbili zinazoingia zinatoka gorogoro mbili. Ugali unakuwa na rangi na unakwaruza kidogo kooni, watoto wanalalamika siku mbili, kisha wanazoea.

Yaani mwezi ule ule ambao ng'ombe wa nchi nzima wanahitaji wishwa kuliko wakati mwingine wowote, ndio mwezi ambao binadamu anaila mwenyewe. Nimesoma taarifa nyingi za ukame, zenye ramani za rangi nyekundu na idadi ya mizoga, na hakuna iliyowahi kunionyesha kitu hiki kwa uwazi alionionyesha yule kijana mwenye nyusi nyeupe kwa kunyoosha kidole tu.

Tukapanda kuifuata reli. Biashara zimetandazwa mpaka kwenye mataruma, na treni ikija watu wanavuta nguo zao kwa utulivu, ikipita wanazirudisha. Mwanamke mmoja alikuwa anachoma mahindi kwenye jiko la rimu ya gari kuukuu. Nilinunua la kwangu, akalipaka ndimu na pilipili. Nilipomaliza nikataka kutupa gunzi. Akanizuia kwa mkono. Chini ya meza alikuwa na magunia mawili, moja la maganda, moja la magunzi. Maganda yanachukuliwa na mwenye ng'ombe kila jioni kwa makubaliano, magunzi anayachomea kesho yake. Mbuzi wawili walikuwa wamesimama karibu wakimtazama kila anayekula.

Nilimwuliza, kwa utani, kama angewahi kumpa ng'ombe mahindi yenyewe, punje. Alikunja uso kana kwamba nimemtukana mtu wake.

"Mahindi ni ya watu, baba."

Jibu hilo nililipata kila mahali, kwa Mluhya, kwa Mjaluo, kwa Mkamba. Mahindi meupe ni chakula cha binadamu. Yule mzee wa Makina alikumbuka ukame wa 1984, Marekani ilipoleta mahindi ya manjano, na jinsi watu walivyoyapokea wakinong'ona kwamba wamepewa chakula cha ng'ombe. Waliyala, maana njaa haina rangi, lakini hawakuyasahau. Katika matatu ya kurudi Kawangware nilisikia mjadala huo huo umepata nguo mpya. Serikali ilikuwa imeruhusu mahindi ya manjano yaingizwe bila ushuru kwa ajili ya viwanda vya chakula cha mifugo, na Oktoba ilikuwa imeondoa marufuku ya miaka kumi dhidi ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Kondakta alisema yeye hatakula kitu cha maabara. Abiria mmoja akamwuliza kuku wa jana alikula nini. Gari zima likacheka, kondakta akaongeza sauti ya muziki.

Kawangware inajaa kwa namna tofauti na Kibera. Kuna maghorofa ya vyumba vya kupanga yaliyobanana, makanisa ghorofani, na kando ya barabara ya Naivasha masoko yanayoanza kabla jua halijatoka. Malori ya mahindi mabichi huingia usiku kutoka Bomet na Narok. Kufikia saa moja asubuhi, kazi kubwa inayoendelea ni kumenya: kina mama wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, mikono inakwenda bila macho kuifuata, na nyuma yao maganda yanapanda yakawa kilima. Nyumbani Shinyanga maganda hayo yangebaki shambani na ng'ombe wangeyafuata wenyewe. Hapa yana soko. Vijana wa mikokoteni huyashindilia kwenye magunia kwa miguu, wanayauza kwa wenye ng'ombe wa Riruta, Dagoretti na Uthiru, na bei, nilivyoambiwa, ilikuwa imepanda mara mbili tangu mwaka uanze. Kando yao wanauza matete ya nepia yaliyofungwa mafungu. Mengine yamekatwa kando ya mito ya jiji, na maji ya mito hiyo nisingemshauri mtu ayaguse.

Shemeji alinipeleka kwenye duka la pembejeo la rafiki yake, binti aliyesomea mambo ya mifugo. Alikuwa amekasirika. Asubuhi ile alikuwa ametoka kutazama ng'ombe aliyekufa kwa kushiba.

Mfugaji mmoja wa Kajiado aliingia na ng'ombe wake mpaka jirani na Dagoretti. Wamekaa na njaa kwa wiki nyingi. Msamaria mmoja akawaonea huruma, akampa gunia la mahindi yaliyokataliwa dukani. Yule mfugaji akawamwagia. Ng'ombe wawili wakala punje mpaka zikaisha, na usiku matumbo yakachacha, yakavimba, mmoja akaanguka. Binti alinieleza jambo ambalo kwetu wanenepeshaji hulijifunza kwa hasara. Tumbo la ng'ombe ni pipa la wadudu wadogo wanaochachusha majani. Ukiwaletea wanga mwingi kwa ghafla, wale wanaotengeneza tindikali wanashinda wengine wote, na ng'ombe anakufa akiwa amejaa. Nafaka huanzishwa kidogo, nusu kilo kwa siku, ikichanganywa na mabua au nyasi kavu, na huongezwa polepole kwa wiki mbili au tatu. Majani hayaachwi hata siku moja. Na aliyekonda sana anaanza na nyasi na maji, nafaka baadaye.

"Wakivimba wanawapa nini?" nikamuuliza.

"Magadi na maji. Wengine mafuta ya kupikia. Saa zingine inasaidia." Alifunga daftari lake. "Lakini hasara kubwa si hiyo."

Yale mahindi yaliyokataliwa dukani yalikuwa yamekataliwa kwa sababu ya ukungu. Kenya ina kumbukumbu mbaya ya ukungu wa mahindi. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Tangu hapo mama wa Kawangware akikuta punje zenye rangi ya kijani anazitenga. Ila hazitupi, kwa kuwa hakuna anayetupa kitu kilichonunuliwa. Anamwuzia mwenye ng'ombe au mwenye kuku. Ng'ombe wa maziwa anakula, sumu inabadilika kidogo mwilini mwake na sehemu yake inatoka kwenye maziwa. Watafiti walishaipata katika maziwa yanayouzwa kwa vipimo Dagoretti hii hii. Maziwa hayo ndiyo yanayotiwa kwenye chai ya asubuhi ya yule aliyezitenga punje. Binti hakulisema kwa masikitiko. Alilisema kama mtu anayeeleza njia ya mkato kutoka hapa hadi kituo cha matatu.

Usiku ule dada alipika ugali na matumbo. Ugali ulikuwa wa kijivujivu, wa mahindi yasiyokobolewa, na nikamwambia ni mtamu kuliko ule mweupe. Nilisema kweli, una ladha ya nafaka. Aliguna. Mtu anayekula kwa kupenda na mtu anayekula kwa kulazimika hawawezi kusifu sahani moja kwa sauti moja, nikanyamaza nikala.

Kesho yake tulitembea mpaka machinjioni Dagoretti. Mahali pale panalisha sehemu kubwa ya mabucha ya Nairobi, na mtu wa kwetu hahitaji kuelekezwa, anafuata malori. Nje, chini ya miti michache, kulikuwa na ng'ombe wanaosubiri bei. Nimelelewa minadani, nimezunguka Mhunze tangu nikiwa mtoto nikishika mkono wa baba, na sijawahi kuona ng'ombe waliosimama kwa kutegemeana namna ile. Madalali walikuwa wakipita wakibonyeza nyuma ya nyonga, pale mafuta yanapokaa, wakiondoa mkono haraka.

Nilikaa na dalali mmoja mnene mwenye kofia ya timu ya Gor Mahia, tukanywa chai, tukapigana hesabu. Mimi ndiye niliyeanza. Nilimweleza kwamba Shinyanga tunachukua ng'ombe aliyekonda, tunamfungia miezi mitatu hivi, tunamlisha mashudu ya pamba kutoka vinu vya kuchambulia, pumba za mpunga na molasi, na anatoka akiwa ng'ombe mwingine. Kwa nini hapa wasifanye hivyo kwa mahindi, kama Wamarekani? Alichukua kalamu sikioni, akageuza karatasi ya sukari.

Gunia la kilo 90 lilikuwa linacheza shilingi 5,400, kilo moja 60. Ng'ombe wetu huyu mwenye nundu, akasema, ukimlisha vizuri anataka kilo saba za chakula kikavu au zaidi ili aongeze kilo moja. Basi kilo moja ya uzito ni shilingi 420, na hapo hujalipa mchungaji wala maji. Ukimchinja, nusu ndiyo nyama. Nusu nyingine ni kichwa, ngozi, miguu na kilichomo tumboni. Kwa hiyo kilo ya nyama uliyoiongeza kwa mahindi imekugharimu 840. Aliipigia mstari mara mbili. Buchani nyama ilikuwa inauzwa mia tano na kitu.

"Mmarekani ana mahindi mpaka hajui ayatie wapi. Sisi tunayapanga foleni."

Sikuwa na jibu. Mashudu yetu ni mabaki ya pamba, hakuna mtoto anayeyalilia. Hapo ndipo siri ya unenepeshaji wetu ilipo. Alinikumbusha kwamba Kenya ilishajaribu: miaka ya 1970, kule Lanet karibu na Nakuru, ng'ombe wa nyama walinenepeshwa kwa mahindi, hasa mahindi yaliyokatwa mazima na kusindikwa yakiwa mabichi. Ng'ombe walinenepa. Mahindi yalipopanda bei, hesabu ikakataa. Wakati ule wanasiasa walikuwa wameanza tena kuzungumza habari za vituo vya kunenepesha katika kaunti, nami niliwatakia heri, lakini ningependa kuona ile karatasi ya sukari imebandikwa ukutani kwenye kikao chao cha kwanza.

Wakati tukibishana, vijana wawili wa Kimaasai walisogea kusikiliza. Walikuwa wameleta ng'ombe kumi na kitu kwa miguu, wakipita Ngong. Mkubwa wao alivaa koti la suti juu ya shuka na alizungumza Kiswahili safi kuliko dalali. Alisikia lafudhi yangu, akaniuliza natoka Tanzania sehemu gani. Nikamwambia. Akatingisha kichwa taratibu.

"Nyinyi mliuza ng'ombe wetu."

Nilijua anachosema. Oktoba 2017, katika ukame uliopita, ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya walikamatwa upande wetu wa mpaka wakitafuta malisho, serikali yetu ikawapiga mnada. Magazeti ya Dar es Salaam yaliandika habari ile kama ushindi wa sheria, na mimi mwenyewe nakumbuka tulivyoisoma kijiweni tukisifu msimamo. Pale Dagoretti ilikuwa na sura nyingine. Kwa huyu kijana, mpaka wa Namanga unakata malisho ya ukoo wake vipande viwili. Shangazi yake ameolewa Longido, na mvua haiulizi pasipoti kabla ya kunyesha. Sikumtetea wala sikumlaumu Magufuli, aliyekuwa rais wetu wakati ule. Nilimwambia tu kwamba nilizisikia habari zile. Dalali akaagiza chai mbili zaidi.

Walichokuwa wamekuja kufanya ni rahisi kukieleza. Waliuza ng'ombe watatu, walio dhaifu kuliko wote, kwa bei ambayo Mhunze ungepata mbuzi wazuri wachache na chenji isiyotosha nauli. Pesa hiyo haikwenda kununua mahindi. Mkubwa alishapiga simu Loitokitok, kwenye mashamba ya kumwagilia, na kulikuwa na lori la mabua lililokuwa likiuzwa kabla halijafika. Robo yake angeipata. Kilichobaki angenunua wishwa, akiipata, awape majike wenye mimba peke yao, konzi mbili kwa siku juu ya mabua. Madume yangejitegemea barabarani. Shemeji aliingilia akawaambia habari za poshomili ya Makina na foleni isiyokoboa. Kijana hakushangaa hata kidogo. Kwao pia, alisema, unga wa msaada ulipofika mama yake alitenga kikombe kimoja kila jioni akakorogea uji wa ndama, na baba alijua, na hakuna aliyelizungumza.

Dalali alinong'ona kwamba watatu waliouzwa wangekuwa supu ya mifupa Kawangware kufikia jioni. Nyama ya ng'ombe wa kiangazi haina mafuta, inataka mkaa mwingi, na mkaa nao umepanda. Wenye vibanda huchanganya kidogo ya hiyo na kidogo ya nyama ya ng'ombe kutoka Tanzania, ambao bado walikuwa wanaingia kwa malori. Wa Shinyanga? nikauliza. Shinyanga, Singida, Mwanza, akasema, kokote wanakonenepesha. Bila shaka kati yao wapo walioshiba mashudu nisiyokuwa na haja ya kuyasifia, maana yalishafika kabla yangu.

Kijana mwenye koti akaniuliza kama kwetu imenyesha. Nilimwambia mvua ya kwanza ilidondoka kabla sijaondoka, si nyingi, lakini nyasi zilishaanza kuchomoza kwenye ngitili. Alimtazama mwenzake, wakasema maneno machache kwa Kimaasai. Kisha akataka kujua kama siku hizi ng'ombe wa Kenya akionekana huko bado anapigwa mnada.

"Rais amebadilika," nikamwambia.

"Na sheria?"